Kumfuga Kamba-Vunjajungu Makambako na Njombe

Katika lugha ya Kiswahili, mdudu yule mrefu wa rangi ya majani, mwenye mikono miwili aliyoikunja kifuani kama mtu anayeomba, huitwa vunjajungu. Tangu zamani husemwa kwamba mtu akimgusa, chombo cha kwanza atakachokishika baadaye kitamponyoka na kuvunjika. Sayansi haina ushahidi wa kuiunga mkono imani hiyo. Hata hivyo, baharini yuko mnyama mwingine mwenye mikono iliyokunjwa vivyo hivyo, ambaye kwake jina hilo si ushirikina hata kidogo. Mwaka 1998, huko Great Yarmouth, Uingereza, mmoja wa jamii yake aliyewekwa katika nyumba ya maonyesho ya viumbe vya bahari alikipiga kioo cha tangi lake mpaka kikapasuka. Watunzaji wake walikuwa wamempa jina la bondia, Tyson.

Mnyama huyo, ambaye katika makala haya ataitwa kamba-vunjajungu, anapatikana katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Swali linalochunguzwa hapa ni hili: kitu gani kinahitajika ili aweze kuishi, na si kufika tu, katika nyumba ya mtu aliyeko Makambako au Njombe? Huenda msomaji akaliona swali hili kuwa la mzaha. Lakini kulijibu ni lazima kwanza kujua bahari ni kitu gani, na hilo ni jambo ambalo mkaaji wa pwani, kwa kuwa nayo kila siku, aghalabu hapati haja ya kulifikiria.

Makambako ni mahali ambapo reli ya TAZARA, baada ya kupanda kutoka bonde la Kilombero kwa mahandaki na madaraja mengi, hukutana na barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia. Na hapo ndipo panapochepuka barabara ya Njombe na Songea. Mzigo utokao Dar es Salaam hufika kwa safari ya mchana mmoja au ya usiku kucha. Kwa hiyo kiumbe cha pwani chaweza kuletwa huko kikiwa hai. Taabu huanza baada ya kufika. Makambako iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Njombe, umbali wa kilomita 60 hivi kuelekea kusini, iko karibu na mita 1,900. Katika miezi ya Juni na Julai baridi ya usiku ni kali, na mabondeni sakitu huonekana alfajiri juu ya majani.

Mnyama mwenyewe

Kamba-vunjajungu si kamba halisi, ijapokuwa yumo pamoja na kamba, kaa na kambakoche katika kundi kubwa la wanyama wenye magamba na miguu ya vifundo liitwalo krustasia. Oda yake huitwa Stomatopoda, nayo ina spishi zaidi ya 400. Wataalamu huzigawa mafungu mawili kwa kutazama silaha. Fungu la kwanza lina mikono yenye miiba mirefu kama mikuki, na wanyama wake hujificha katika mashimo ya mchangani wakingojea samaki apite. Aliye mkubwa kuliko wote, Lysiosquillina maculata, ambaye makao yake yanaanzia pwani ya Afrika Mashariki na kufika Hawaii, ni wa fungu hilo, na urefu wake hukaribia sentimita 40. Fungu la pili ni la wenye marungu. Hao hukaa katika matundu ya miamba na mawe ya matumbawe, na chakula chao ni kaa, konokono na chaza, yaani kila kitu kinachodhani kwamba gamba lake ni ngome.

Rungu hilo lilichunguzwa kwa kamera za kasi kubwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na matokeo yakatangazwa mwaka 2004. Ilionekana kwamba pigo la Odontodactylus scyllarus, yule mwenye rangi za tausi, laweza kufikia kasi ya mita 23 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 80 kwa saa, tena ndani ya maji. Msuli peke yake hauwezi kazi hiyo. Mnyama huukaza mkono wake polepole, akaufunga kwa komeo, huku kipande cha gamba chenye umbo la tandiko la farasi kikipindwa kama upinde. Komeo likifunguliwa, nguvu yote iliyowekwa akiba hutoka kwa mara moja. Kani ya pigo yaweza kufika nyutoni 1,500, ambazo ni sawa na uzito wa gunia moja na nusu la mahindi. Kasi hiyo huyapasua maji yenyewe: viputo vya mvuke hufanyika nyuma ya rungu, na vinapojikunja na kutoweka hutoa pigo la pili. Konokono aliyekosewa na rungu bado aweza kuumizwa na kiputo.

Kuhusu macho yake yameandikwa mengi, pengine kupita kiasi. Ni kweli kwamba ana aina 12 za chembe za kupokea rangi ambapo binadamu ana tatu tu, na kwamba baadhi ya spishi huona mzunguko wa mawimbi ya mwanga, jambo lisilojulikana kwa mnyama mwingine kabla ya mwaka 2008. Lakini majaribio yaliyotangazwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba katika kutenganisha rangi zinazokaribiana, yeye hushindwa na binadamu kwa mbali. Kwa mfugaji, jambo la maana ni dogo zaidi: mnyama huyu humwona mtu anayemtazama, humfuata kwa macho, na huyazoea mazingira ya chumba. Hapo ndipo watu wengi wanapompendea.

Kabla ya kumkamata

Kosa kubwa la wafugaji wapya hufanyika siku nyingi kabla mnyama hajakamatwa, nalo ni kutotayarisha maji. Kila kiumbe kinachokula hutoa taka, na taka ya krustasia hutoka hasa katika umbo la amonia, ambayo ni sumu. Baharini hupotea katika maji yasiyo na mwisho. Katika tangi lenye lita 200 haina pa kwenda. Kinachoiondoa ni bakteria wa aina mbalimbali wanaokaa juu ya mchanga, mawe na sponji ya kichujio: baadhi yao huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo ni sumu pia, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo iwapo maji hupunguzwa na kubadilishwa mara kwa mara. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha, na katika maji ya baridi huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo tangi linatakiwa liwe limejazwa, limetiwa joto, limelishwa kipande kidogo cha kamba kinachooza, na kupimwa mpaka amonia na nitriti zimekwisha, kabla mtu hajapanda basi kwenda pwani.

Uchaguzi wa mnyama nao una sheria zake. Maeneo tengefu ya bahari, kama yale yanayozunguka visiwa vya Bongoyo na Mbudya karibu na Dar es Salaam, yanalindwa chini ya sheria ya mwaka 1994, na uvuvi mahali pengine unaongozwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Ruhusa itafutwe kwa Afisa Uvuvi kabla ya lolote. Lililo baya kuliko yote ni kuvunja mwamba hai ili kumtoa mnyama mmoja, kwa kuwa mwamba huo uliotumia miaka mingi kukua ulikuwa nyumba ya viumbe mamia. Tena hakuna haja. Wadogo wa jenasi Gonodactylus, ambao hawazidi urefu wa kidole cha mkono, hukaa katika vipande vya matumbawe vilivyokwisha kufa, na wakati wa bamvua, maji yakipwa sana, mvuvi mwenyeji huwajua mahali walipo. Huyo mdogo ndiye afaaye. Mwenye rangi za tausi, anayefikia karibu sentimita 18, anadai tangi ambalo nyumba nyingi hazina pa kuliweka, na uzuri wake si sababu ya kutosha ya kumtoa baharini.

Asikamatwe kwa mkono. Wavuvi wa nchi nyingi wanafahamu kwamba hupasua kidole gumba.

Safari ya kupanda

Mfuko wa plastiki, ambao hutumiwa kusafirishia samaki wa mapambo, haufai kwa sababu mbili. Ya kwanza ni dhahiri: mnyama ana miiba mkiani na rungu mikononi. Ya pili husahauliwa mpaka basi linapokuwa limemaliza kuupanda mlima Kitonga. Mfuko uliofungwa pwani ukiwa umejaa hewa huzidi kuvimba kadiri gari linavyopanda, kwa kuwa kanieneo ya hewa ya nje hupungua. Ufikapo Makambako, hewa iliyokuwa lita tano hutaka kuwa lita sita na zaidi. Mfuko uliokazwa hupasuka. Afadhali ndoo ya plastiki yenye kifuniko kisichokazwa sana, maji theluthi moja na hewa theluthi mbili, na ndani yake kipande cha bomba ambamo mnyama atajificha. Ndoo iwekwe katika kasha la kuhifadhia barafu, bila barafu, ili joto la pwani lisipotee njiani. Mnyama asilishwe kwa siku mbili kabla ya safari, asije akayachafua maji machache aliyonayo.

Akishafika asimiminwe tangini. Maji ya tangi yadondoshwe ndani ya ndoo tone baada ya tone, kwa mpira mwembamba, muda wa saa moja au mbili, kwa kuwa mwili wake hauna njia ya haraka ya kujirekebisha chumvi ikibadilika ghafla.

Chumvi si bahari

Lita moja ya maji ya Bahari ya Hindi ina gramu 35 hivi za chumvi. Kwa tangi la lita 200 hizo ni kilo saba, na mtu wa Njombe aweza kusema kwamba kilo saba za chumvi si kitu cha kumsumbua. Aweza hata kuwa mwangalifu zaidi, akaikataa chumvi ya mezani iliyotiwa madini ya joto, akatafuta chumvi ya mawe iliyoanikwa juani huko Bagamoyo au Lindi, akiamini kwamba kilichotoka baharini, kikirudishwa majini, kitakuwa bahari tena. Imani hiyo ina mantiki, lakini ni potofu, na inafaa kuelezwa kwa nini.

Maji ya bahari yanapokauka katika mabwawa ya chumvi, madini yake hayaanguki pamoja. Chokaa huanguka kwanza. Jasi hufuata. Chumvi ya kula, yaani kloridi ya sodiamu, huanguka maji yakiwa yamebaki kama sehemu moja ya kumi. Magnesiamu na potasiamu hubaki katika maji machungu ya mwisho, ambayo mtengeneza chumvi huyamwaga, kwa sababu chumvi iliyochanganyika nayo ina uchungu na huvuta unyevu. Kwa hiyo gunia lile la chumvi safi ni bahari iliyoondolewa mwanzo wake na mwisho wake. Kamba-vunjajungu akitiwa humo, misuli na neva zake zitakosa madini yanayoziendesha, na akijivua gamba hatapata kalisi ya kulikaza jipya. Hatakufa siku ile. Huenda akaishi wiki kadhaa, na mfugaji akafikiri kwamba amefaulu.

Njia mbili ndizo zilizo sahihi. Mtu anunue chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya akwaria, ambayo ina madini yote kwa vipimo vyake. Au ayalete maji ya bahari yenyewe. Njia hii ya pili huonekana ya ajabu, lakini hesabu yake si mbaya. Lita 200 ni madumu kumi ya lita 20, na baada ya hapo kubadilisha sehemu moja ya tano ya maji kila mwezi ni madumu mawili tu, mzigo ambao lori linalorudi bara halitauhisi. Maji yachotwe mbali na bandari na midomo ya mito, wakati maji yamejaa. Madumu yawe mapya, au yawe yalichukua mafuta ya kula na kusafishwa sawasawa. Dumu lililowahi kuwa na dawa ya shamba lisitumike kamwe, hata likioshwa mara saba.

Kuna jambo la tatu ambalo huwatatiza hata watu wenye elimu. Katika tangi linalotiwa joto kwenye nchi ya baridi, maji hukauka upesi; lakini kinachoruka ni maji matupu, chumvi hubaki. Mfugaji akiona kina kimepungua na kuongeza maji ya chumvi, atakuwa anaukoleza mchuzi kila wiki. Upungufu wa mvukizo hujazwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na haidromita itiwe majini kabla na baada, isome kati ya 1.024 na 1.026.

Wezi watatu wa hewa

Sasa inafika sehemu ambayo inaihusu Njombe peke yake, na ambayo vitabu vya ufugaji vilivyoandikwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya watu wa miji ya pwani haviitaji.

Kamba-vunjajungu hupumua kwa mashavu yaliyoko chini ya mkia wake, akitumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Kiasi cha oksijeni ambacho maji yaweza kubeba hupunguzwa na vitu vitatu: joto, chumvi, na mwinuko wa nchi. Mto Ruhuji unaopita Njombe una kimoja tu kati ya hivyo. Tuseme maji yake yana nyuzi 15 za Sentigredi. Lita moja ya maji kama hayo, yakiwa usawa wa bahari, ingebeba miligramu 10 za oksijeni. Kwa kuwa kanieneo ya hewa ya Njombe ni kama sehemu nne tu kati ya tano za ile ya pwani, mto hubeba miligramu nane. Bado ni nyingi, na kaa wa mto wa jenasi Potamonautes, ambao watoto wa Njombe huwafunua chini ya mawe, hawana shida yoyote.

Tangi la bahari lina vyote vitatu. Ni lazima liwe na joto la nyuzi 25 au 26, ni lazima liwe na chumvi, na halina budi kuwa Njombe. Maji ya namna hiyo huko pwani hubeba miligramu 6.6 hivi kwa lita. Njombe hayawezi kupita miligramu 5.2, hata yakipulizwa hewa mchana na usiku, kwa sababu hicho ndicho kiwango cha mwisho ambacho hewa ya huko yaweza kuyapa. Mnyama mmoja mdogo huishi kwa kiasi hicho bila taabu. Lakini akiba ya hatari imepungua: kipande cha chakula kilichosahauliwa kikaoza, au mnyama wa pili akaongezwa kwa kuhurumiwa upweke, na oksijeni ambayo pwani ingetosha huku haitoshi. (Wa pili, licha ya hayo, atapigwa na kuliwa.) Kwa hiyo sheria zifuatwe kwa ukali zaidi kuliko vitabu vinavyodai. Tangi liwe pana na la kina kifupi, ili uso wa maji unaogusana na hewa uwe mkubwa. Pampu ya hewa isizimwe. Mabaki ya chakula yaondolewe siku ileile.

Joto nalo lina gharama yake. Kuyapandisha maji lita 200 kutoka nyuzi 14 hadi 26 kunahitaji karibu uniti tatu za umeme, na hizo ni za kufikia tu. Kuyaweka hapo usiku wa Julai kunahitaji hita inayowaka karibu mfululizo. Hapa Njombe ina mali ambayo wengine hawana. Viwanda vya mbao vya huko hutupa maranda kwa marundo. Tangi likizungukwa pande tatu na chini kwa sanduku la mbao lenye kuta mbili, na katikati yake yakashindiliwa maranda makavu ya unene wa sentimita kumi, joto litatoka polepole sana, na umeme ukikatika usiku mnyama ataamka akiwa na baridi kidogo tu. Upande wa mbele ufunikwe blanketi. Linalotakiwa kuangaliwa zaidi umeme ukikatika ni hewa, si joto: pampu ndogo ya betri iwe tayari mahali panapojulikana na kila mtu wa nyumbani, na kichujio kilichozibwa kisiwashwe tena kabla ya kusuuzwa, kwa kuwa bakteria waliokosa hewa humo kwa saa nyingi watakuwa wameanza kufa na kuoza.

Sumu zilizomo nyumbani

Krustasia na wadudu ni ndugu. Dawa nyingi zinazoua wadudu huua na kamba, na Njombe ni nchi ya dawa za shambani. Viazi mviringo hupigwa dawa za ukungu, ambazo baadhi yake zina shaba; na mrututu, ile chumvi ya buluu inayojulikana na wakulima, ni shaba pia. Shaba kidogo sana, kiasi ambacho samaki angekivumilia, humwangamiza mnyama huyu, kwa sababu huharibu mashavu yake na damu yake. Ndoo, kikombe au mpira uliotumika shambani usiingie chumba cha tangi. Maji yaliyolala katika mabomba ya shaba yamwagwe kwanza.

Pareto, ua jeupe linalolimwa katika nyanda hizo, lina sumu nyepesi kwa binadamu na kali kwa wadudu. Kwa krustasia ni kali vivyo hivyo. Udi wa mbu na dawa ya kupuliza, vinavyotengenezwa kwa pareto au kwa kemikali za mfano wake, vikitumika chumbani, pampu ya hewa itaivuta sumu hiyo na kuipuliza moja kwa moja ndani ya maji. Mfugaji aliyezoea kupuliza dawa jioni atamkuta mnyama wake amelala kwa mgongo asubuhi, wala hatajua sababu. Mkono uliopakwa dawa ya kufukuza mbu nao usiguse maji.

Jiko la mkaa, ambalo katika baridi ya Juni huingizwa ndani, lina hatari kwa watu kwanza, nao wamekwisha kufa wengi kwa ajili yake. Kwa tangi, hewa ya ukaa inayojaa chumba kilichofungwa huyeyuka majini na kuyafanya yawe na uchachu. Dirisha lililoachwa wazi kidogo ni dawa kwa wote.

Nyumba na chakula

Kioo kinene kinatosha kwa mdogo, lakini plastiki ngumu iliyo angavu ni salama zaidi. Mchanga wa kina cha sentimita tano hadi nane uwekwe chini, na chini ya mchanga bamba la plastiki, kwa kuwa akichimba na kukifikia kioo hukidhania ni jiwe la kuondolewa. Nyumba yake iwe kipande cha bomba la plastiki kinachompita unene kidogo, kilichozibwa upande mmoja ili kuwe na giza. Vigae vya chungu kilichovunjika, ambacho hakikupakwa rangi, humfaa kwa kujengea mlango. Taa isiwe kali.

Alishwe kila baada ya siku mbili au tatu: kipande cha kamba, samaki asiyetiwa chumvi, na mara kwa mara kitu kigumu cha kupiga, maana rungu lisilotumika si afya. Gando la kaa wa mto lafaa sana. Konokono wa madimbwi wasichotwe kwa mikono mitupu, kwa kuwa baadhi yao hubeba kichocho.

Yule kaa wa mto anastahili neno moja zaidi. Mtu ambaye hajawahi kufuga krustasia angefanya vizuri kumweka kaa mmoja wa Ruhuji au wa kijito chochote, katika beseni lenye jiwe la kupandia na maji yanayobadilishwa, bila hita na bila chumvi. Akimweka hai na mwenye afya kwa miezi sita, mpaka amemwona anajivua gamba, amejifunza nusu ya kazi. Akimfisha, atakuwa amejua jambo hilo kwa hasara ndogo, tena mnyama aliyebaki angeweza kurudishwa mtoni kwa mwendo wa dakika kumi. Wa bahari, akishafika Njombe, harudi.

Wakati wa kujivua gamba

Itafika siku ambapo kamba-vunjajungu atakataa chakula. Ataukusanya mchanga na vigae, auzibe mlango wake kabisa, na asionekane kwa wiki moja au zaidi. Hapo ndipo wanyama wengi wanapouawa na watu wanaowapenda. Mfugaji huingiwa na wasiwasi, akafukua, akalivuta bomba nje, na kumkuta mnyama laini kama nyama, ambaye gamba lake jipya bado halijakauka na ambaye hawezi kuguswa bila kujeruhiwa. Mlango uliozibwa usifunguliwe. Maji yapimwe, hewa iangaliwe, taa ipunguzwe.

Huenda asubuhi moja kitu chenye umbo lake kamili, na macho, na marungu, kikaonekana kimelala nje ya shimo. Kisitupwe pamoja na maji ya tangi kabla ya kutazamwa. Gamba tupu huwa jepesi, hupitisha mwanga, na lina mpasuko nyuma ya kichwa. Mnyama aliyekufa ni mzito, hageuki kuwa kioo, na harufu yake hujulikana siku ya pili.

Utafiti uliotangazwa mwaka 1983 ulieleza kwamba kamba-vunjajungu aliyetoka kujivua gamba, ingawa hawezi kupiga wala kustahimili pigo, husimama mlangoni na kutandaza mikono yake kuwatisha wanaotaka kumnyang'anya shimo, na mara nyingi hufaulu. Kwa hiyo akionekana amefanya hivyo siku ya pili au ya tatu, si ishara kwamba amepona. Kipande kidogo cha nyama ya kaa kishushwe kwa koleo refu la mti karibu na mlango, na asipokichukua kiondolewe jioni, kirudishwe kingine baada ya siku mbili.